Mpunga wa Msafiri

Enzi zetu huko Chumbi, nani kapatana na nani ulijua asubuhi kwa kusikiliza vinu. Michi miwili ikipokezana, nyumba ina amani. Mchi mmoja ukilia peke yake, jua kuna walionuniana. Sisi watoto tulicheza mdako uani, tukisubiri pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaangwa na kutwangwa, na habari zote za kijiji tukawa nazo.

Mwaka ule wa Vita vya Maji Maji, kwetu mchi ulilia peke yake. Baba mdogo alikunywa ile dawa ya maji akaenda vitani, baba akakataa. Mkewe, tuliyemwita mama mdogo, mzaliwa wa milima ya Umatumbi, akamwita baba mwoga. Mama naye akamjibu, "Mumeo akifa, wanao nani atawalisha?" Lilikuwa neno baya, na mama alijua. Askari walipochoma nyumba ya mama mdogo, alihamia kwetu na wanawe, mmoja wao Hawa, lakini yeye na mama hata chumvi waliombana kupitia sisi watoto.

Siku moja mama mdogo akafunga mzigo arudi kwao. Huko milimani vijiji vilikuwa vinaungua na njaa imeshaingia. Nililia sana. Hawa nililala naye mkeka mmoja, na nilijua akienda sitamwona tena.

Bibi, mama yake baba, hakumzuia. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Ila mpunga wa msafiri hautwangwi na mtu mmoja. Ni mila." Akamkabidhi mama mchi wa pili.

Walianza kwa hasira. Michi ikagongana, kinu kikayumba, mpunga ukamwagika, kuku wakafaidi. Bibi anasuka ukili wake tu. Lakini mkitwanga wawili huna budi kumsikiliza mwenzio: akishusha, wewe unainua. Taratibu michi ikaanza kupokezana. Pumba zikatoka, mchele ukaonekana, nao hawakuacha. Wakatwanga mpaka mchele ukawa unga.

Bibi akachungulia kinuni. "Haya, wa safari huo umeshaharibika."

Mama akaangusha mchi. "Nisamehe, mwenzangu. Wanao ni wanangu." Wakakumbatiana, wakalia kwa sauti, na sisi tukalia bila kuambiwa. Jioni tulikunywa uji, mzigo ukafunguliwa. Baba mdogo hakurudi kutoka vitani. Mama mdogo hakuondoka kwetu mpaka tukamzika.

Juzi mjukuu wangu katoka shule na neno "upatanifu". Mwalimu kawaambia Wazungu neno lao la maana hiyo walilipata kwa Wayunani wa kale, na mwanzoni lilikuwa la maseremala: kuunga ubao na ubao zikashikana. Kijana akanieleza kwa madaha, kana kwamba bibi yake kazaliwa jana. Nikamwambia la kwetu nilijifunza kinuni.

Ukubwani niliulizia ile mila kijiji kwa kijiji, kuanzia Mloka hadi Maparoni. Haipo. Bibi aliitunga papo hapo.

Siku hizi mpunga unapelekwa mashineni. Wanangu wawili mwaka wa pili huu hawasalimiani, kisa mpaka wa shamba. Kila mmoja anabeba gunia lake, na mchele unatoka mweupe vilevile. Asubuhi ni kimya, na kimya hicho kinaniuma. Kinu cha bibi wananyweshea kuku. Mimi huketi karibu nacho, nikitafuta mila ya kutunga.