Watu wa Dada Hawasalimiani

Shamba la bibi yangu liko ng'ambo ya korongo, huku juu Mgeta, na ili mboga zifike barabarani zinakopakiwa kwenye mafuso ya Dar lazima zipite kwenye daraja la kamba za chuma. Chini ni mto na mawe makubwa. Mama anasema hata nilipokuwa nabebwa mgongoni nilikuwa nafumba macho kabla hatujalifikia. Mimi ni mwoga, sina haja ya kuficha. Naogopa ngazi za ghorofa ya shuleni kwetu Morogoro mjini. Naogopa mwalimu akitaja namba yangu. Naogopa hata kusalimia, maana sauti yangu hufika kooni ikageuza, na mtu mzima asiyeisikia shikamoo yako anajua hukuitoa.

Kwa hiyo dada yangu aliposema mradi wake wa chuo utakuwa lile daraja, nilitamani achague kitu kingine, hata choo.

Alikuwa na sababu. Kamba zinazobeba ni nzima, shida ni kuyumba. Masika moja daraja lilimyumbisha jirani yetu akaangukia mawe pamoja na tenga lake la kabichi, na mpaka leo anatembea akiinamia upande. Dada anasomea uhandisi Dar. Aliongeza kamba mbili za pembeni, zikashikwa na waya za aina ya pekee: ukizipitishia umeme zinapata joto na kufupika, zikipoa zinalegea. Chini ya mbao alibandika vidude vyeusi vinavyosikia nyayo. Mtu akianza kutembea, betri ya sola inapeleka umeme, waya zinafupika, kamba zinakaza, daraja linatulia. Nyayo zikinyamaza, umeme unakatwa ili betri isiishe, maana huku ukungu unaweza kuziba jua siku nzima.

Zikaze lini na kwa nguvu kiasi gani, hayo aliyatafuta kwenye kompyuta. Alilijenga daraja lote mle ndani, mistari ya kijani, na watu wakawa vidoti vyekundu. Akawavusha maelfu: wazito, wepesi, wenye mizigo, wanaokimbia mvua, hata mbuzi. Programu ilikuwa inajaribu namna moja ya kukaza, inapima daraja limeyumba kiasi gani, inatupa, inajaribu nyingine, mpaka ikabaki na iliyo bora. Nilipenda kuangalia vile vidoti. Havikuwa na uoga.

Likizo ya Juni tulipanda wote kwa Bibi, na mtu wa kwanza kuvushwa, asiye kidoti, nikawa mimi. Dada alisema daraja likimridhisha mwoga litamridhisha kila mtu. Nikaenda, nikarudi, nikaenda tena, huku nimeng'ang'ania kamba. Na kweli, hatua chache tu ndani, nilisikia mbao zikitulia chini ya miguu, kamba ikawa ngumu mkononi kama msuli. Niliogopa, lakini uoga mdogo. Dada akacheka kwa furaha akamwambia Bibi kwamba Jumamosi, siku ya gulio, akina mama wote watavuka na mizigo yao, na mhadhiri wake atapanda kutoka mjini kuja kuona.

Siku mbili kabla ya hapo nilitoka barabarani na Bibi, nimebeba sukari na sabuni. Katikati ya daraja tukakutana na mzee mwingine wa jirani, jembe begani. Njiani kwetu mdogo humpisha mkubwa, lakini darajani hakuna pa kupishia, kwa hiyo watu husimama. Na wakisimama husalimiana, na salamu za huku si za kupita. Nikajaribu shikamoo, haikutoka. Bibi akanigusa kwa kiwiko, nikaitoa tena. Mzee akaitikia, akauliza habari za mjini, za shule, za mama. Bibi naye akauliza ya shemeji yake anayeumwa mguu.

Hapo ndipo kamba ikafa mkononi mwangu. Sijui niseme vipi. Ilikuwa ngumu, ikawa laini polepole, kama mkono wa mtu anayepitiwa na usingizi. Mbao zikainama kidogo upande wa chini wa mto. Wenyewe hawakugundua, wamezoea. Walipoagana na kunyanyua miguu, daraja lote likatupwa pembeni, mzee akadaka kamba, jembe likaning'inia. Bibi akacheka. Mimi nilihisi maji ya moto yakinishuka mapajani nikajua ni woga. Baada ya hatua kadhaa kamba zikakaza, kama vile hakuna kilichotokea.

Nilimweleza dada. Aliniamini kidogo, kwa sababu alifungua kompyuta palepale akatafuta saa ile. Akanionyesha: watu wamevuka, kamba zimekaza, halafu daraja tupu, kamba zimelegea, halafu watu tena.

"Unaona? Zililegea wakati hakuna mtu. Huo ni uoga wako, mdogo wangu."

Nilitaka kusema tulikuwepo.

Kesho yake nilikaa karibu naye nikaangalia vidoti vyake, safari hii kwa makini. Vilivuka kimoja kimoja, viwili viwili, vilipishana katikati. Hakuna hata kimoja kilichosimama. Nilikuwa nimeelewa na sikutaka kuelewa. Jumamosi ni gulio. Siku ya gulio watu hukutana darajani na matenga kichwani, na Bibi ndiye mkubwa wao, kila mtu lazima amsimamishe.

Nikauliza polepole, "Dada, hawa watu wako hawasalimiani?"

Alicheka mpaka akamwita Bibi aje asikie. Bibi naye akacheka, akauliza ni watu gani hao, wamelelewa wapi. Dada akasema mtu mwenye tenga la kabichi hawezi kusimama juu ya mto kupiga soga. Amekaa hosteli za Dar miaka, huko watu wanapishana kwenye korido na simu mkononi.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito hata ng'ambo haikuonekana. Akina mama wakajipanga, matenga ya karoti na kabichi chini, ngata mkononi. Mhadhiri alikuwa na koti kubwa la mvua, amesimama na dada penye kompyuta. Bibi akaombwa atangulie. Nilipomwona anainama kujitwika, miguu yangu ikaondoka kabla yangu. Nikampita, nikaingia darajani peke yangu, nikatembea mpaka katikati, nikasimama.

Dada aliita nitoke. Mmoja wa akina mama akasema, huyu mtoto leo kapandisha mashetani. Sikugeuka. Nilishika kamba ya pembeni nikajaribu kutopumua, maana hata kutetemeka niliogopa vidude vitasikia. Lakini nilijua wataniita na mwisho watakuja kunitoa, na nyayo zao zitaharibu kila kitu. Ilibidi watu wasimame huko huko waliko, na mimi najua kitu kimoja tu kinachosimamisha watu wa huku.

"Shikamoo, Bibi."

Ilitoka. Ilitoka kubwa mpaka ikarudi kutoka ng'ambo.

Halafu Bibi, ambaye aliniamsha mwenyewe asubuhi ile na tukanywa chai pamoja, akaweka tenga chini. "Marahaba, mke mwenzangu. Umeamkaje huko?"

"Salama."

"Na mama yako mjini, hajambo?"

"Hajambo."

Akina mama wakaanza kucheka. Bibi akaendelea, taratibu, kama ana siku nzima: baba je, na walimu, na yule paka wenu. Sijui kama alikuwa ameelewa au alikuwa ananitania tu. Nilijibu yote. Nilikuwa namjibu habari za paka kamba ikaanza kulainika. Mbao zikainama. Mto nikausikia umepanda, ingawa ni mimi niliyeshuka. Machozi yakatoka bila kulia.

"Dada," nikasema, "kompyuta inaona nini?"

Alitazama chini kwenye kioo. Akanitazama mimi. Akatazama tena chini, na hata kwenye ukungu niliona uso wake umebadilika.

"Inasema hakuna mtu," alisema. Kisha sauti ikawa nyingine kabisa. "Usitembee. Usinyanyue mguu hata kidogo."

Aliwasha umeme kwa mkono. Kwa baridi ile waya zilichelewa kupata joto, na huo muda sitaki kuukumbuka vizuri. Nilihesabu majina ya watu wa nyumbani. Nilifumba macho kama mtoto wa mgongoni. Kamba ilipokuwa ngumu tena dada akaniita, nikarudi hatua kwa hatua, na nilipokanyaga udongo nikakaa chini papo hapo.

Dada hakunikumbatia. Alikuwa amefunga kompyuta na kuishikilia kifuani. Mhadhiri alimwambia jambo moja tu, bila ukali: "Nenda kawafundishe watu wako adabu, halafu uniite tena." Wakaweka mti mlangoni mwa daraja.

Akina mama wakajitwika, wakashuka njia ndefu ya kuvukia mawe kule chini, wengine wakilalamika kwamba fuso halitawasubiri. Bibi naye akajitwika. Nilibeba kikapu chake kidogo nikamfuata, naogopa sasa na ile njia, maana ilikuwa na utelezi.

Dada akatukuta kwenye mteremko. Alitembea nyuma yangu. Kisha akauliza, bila kunitazama, watu wakikutana njiani husimama kwa muda gani.

Nikamwambia inategemea wamekutana na nani.

Mbele yetu Bibi alikuwa tayari amesimama, tenga kichwani, anamuuliza mwanamke anayepanda habari za watoto wake, mmoja mmoja. Tukasimama nyuma yake. Dada akatoa simu, akaanza kupima muda.