Émile Alipompimia Chola Mashine

Mtu wa Katuba, hapa Lubumbashi, akitaka kununua kompyuta ya kubeba, alikuwa anapita kwanza kwa Émile. Émile ni mchapaji. Ana meza yake katika safu ya meza tano chini ya bati, karibu na soko, na hapo anawachapia wanafunzi kazi zao za mwisho wa masomo, wajane barua zao za malalamiko, wachungaji mahubiri yao. Miaka kumi na miwili yuko pale pale. Mashine yake mwenyewe ni nzito na betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika naye anakatika; anakunja mikono na kuanza kuilaumu nchi. Lakini kupima mashine ya mwenzake, hapo mwacheni. Hapo ni bwana, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulijua hilo.

Jumatatu moja Chola akaja kusimama mbele ya meza yake. Chola ni mama wa miaka ishirini na sita, na alifika katika safu ile bila kujua kidole kipi kinagonga herufi ipi. Émile ndiye aliyemfundisha, miezi minne mizima, kwa subira ambayo mke wake hajawahi kuiona nyumbani. Mpaka siku hiyo Chola alikuwa akichapa kwa mashine ya kuazima ya Nono, mama wa meza ya fotokopi.

"Yaya Émile, nimekusanya feza," akasema; yaya pale Katuba ni kaka mkubwa. "Twende mu ville unipimie machine. Haiko ya bei ya chini, haiko ya bakubwa ba ku migodi. Ya katikati. Inifae ku kazi na ku nyumba."

"Mbio hii ni ya nini?"

"Mudirecteur wa shule anasema mitihani ya mwaka huu itachapwa kule kule ku shule, juu maswali yasitoke inje. Na kule courant ya umeme haiko. Anatafuta muntu mwenye machine ya betri ya nguvu."

Émile akahisi kitu kinamchoma chini ya mbavu. Mitihani ya shule ile aliichapa yeye, miaka tisa mfululizo. Mkurugenzi hakumwambia neno. Na sasa habari inamfikia kupitia mdomo wa mwanafunzi wake, tena akitabasamu, kama vile anamletea zawadi! Aliona wivu. Tusimtafutie jina lingine. Aliuona wivu ule mpaka mate yakawa machungu, lakini kukataa kungeonekana wazi, kwa hiyo akachukua kofia yake, wakaenda mjini.

Muuzaji aliitwa Yannick, kijana wa maneno mengi, na aliwawekea mashine mbili mezani. Zote mbili zimetumika Ulaya, zote zina kibodi ya Kifaransa, bei moja. Ya kwanza nyeusi, imechubuka mfuniko, haina sura. Ya pili rangi ya fedha, inang'aa, nyembamba. Chola aliigusa kwa ncha ya kidole tu, kama mtu anayeogopa kuchafua.

Émile akaanza kazi. Aliinua kila mfuniko kwa kidole kimoja aone kama bawaba zinashika. Akabeba kila mashine mpaka mlangoni, juani, aone kama maandishi yanasomeka. Akaweka sikio juu ya feni. Kisha akafumba macho na kuchapa tangazo la msiba kwa Kifaransa, lile analolijua kwa moyo, kwa sababu, kama alivyozoea kuwaambia watu, hakuna maandishi yenye alama nyingi juu ya herufi kama tangazo la msiba, na mashine isiyoweza kumzika mtu vizuri haifai ofisini. Vitufe vya ile nyeusi vilikuwa vizito kiasi, vinajibu kidole. Vya ile ya fedha vilikuwa laini mno, na herufi moja iligoma mara mbili.

Bado betri. Akachomoa nyaya zote mbili, betri zikiwa zimejaa, akapandisha mwanga mpaka mwisho, akamwomba Yannick afungue video ya harusi katika kila mashine. Ndipo wakaenda kula bukari, yaani ugali, na samaki kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara. Chola alikula kwa furaha na kuzungumza bila kupumzika. Angempeleka mwanawe wa kwanza shule nzuri. Angechapa akiwa nyumbani mtoto akiwa mgonjwa. Émile alikuwa akimtazama mikono ile aliyoifundisha yeye ikivunja bukari.

Saa nzima ilipopita, Chola alibaki nyuma kunawa. Émile akaingia dukani peke yake. Yannick alikuwa na mteja mwingine. Ile nyeusi ilikuwa imebaki na asilimia themanini na tisa. Ile ya fedha, hamsini na moja, na tumbo lake lilikuwa la moto kama sufuria. Émile akatupa jicho mlangoni. Akachomeka nyaya zote mbili na kufunga mifuniko, asije mtu akasoma namba.

Chola alipoingia, akamwonyesha ile ya fedha kwa kidevu.

"Kamata hii. Ile nyeusi betri yake imechoka."

"Kweli, yaya?"

"Mi nakuambia."

Chola hakuuliza la pili. Yannick alipojaribu kuitetea ile nyeusi, Chola akamkata: "Papa, yaya Émile akisema, amesema." Yannick akainua mabega na kumwandikia karatasi ya dhamana: siku saba za kurudisha au kubadilisha.

Wiki ile haikumpa Émile usingizi mzuri. Kila asubuhi alikuwa akingoja umeme ukatike ili aone mashine ya fedha inavyozimika mbele ya watu, na kila asubuhi alikuwa akiogopa ukatike. Haukukatika hata mara moja. Kwa siku tano umeme wa Katuba uliwaka kama wa nchi za watu, na Chola akachapa na kuchapa, na wateja wakaanza kumpita Émile ili wakaone mashine inayong'aa. Mwanafunzi mmoja, ambaye kurasa zake arobaini alizichapa Émile, akazichukua zilizobaki akahama nazo kwa Chola, meza mbili tu kando. Bila hata haya!

Sasa, Lubumbashi kitu kipya hakiachwi kikavu. Ukinunua pikipiki, ukinunua kitanda, lazima uwaite wenzako mkiaroze, yaani mnywe kwa jina lake. Na katika safu ile ya meza tano kulikuwa na sheria moja zaidi: aliyepima ndiye anayekunywa wa kwanza, naye anasimama na kuitolea mashine ushuhuda. Émile mwenyewe ndiye aliyeileta sheria hiyo, enzi zile alipopenda kusikilizwa.

Jumamosi saa saba mchana, Chola akaleta bia, na munkoyo wa mahindi, usiolevya, kwa wale wanaosali. Mashine ikawekwa katikati juu ya kitambaa. Kabla ya kumpa Émile glasi, Chola akaomba kusema kidogo.

"Mudirecteur amekubali," akasema. "Lakini miye nilimuambia, peke yangu hapana. Nilitoa majina mbili. Ya yaya Émile njo ya kwanza. Tutachapa na hii machine yetu, yeye asubui, miye mangaribi. Bila yeye mi singejua kitu."

Watu wakapiga makofi. Nono akapiga kigelegele. Émile akasimama na glasi yake ya bia, na jambo la ajabu ni kwamba wivu haukupungua hata kidogo, uliongezeka. Kumbe Chola alikuwa amemzidi hata kwa moyo. Angekuwa mchoyo, angekuwa na maringo, angalau Émile angepata pa kushika. Wema wake ule ndio uliomuuma kuliko mitihani yote.

"Semaka, yaya!" Nono akamhimiza.

Alifungua mdomo aseme kwamba mashine ni nzuri. Maneno hayo alikuwa ameyasema mara mia maishani mwake, na siku zote yalikuwa kweli.

"Rudisha hii," akasema. "Ile nyeusi njo ilikuwa nzuri. Niliona betri zote mbili. Nilikudanganya, Chola. Nilikuonea bichuki, ile ya wivu."

Nono akaweka chini chupa aliyokuwa ameishika. Chola alimtazama Émile usoni bila hasira, kama mtu anayesoma ukurasa ambao alidhani ameshausoma. Kisha akafunga mashine, akaitia mkobani pamoja na karatasi ya Yannick, akaenda kutafuta gari la mjini. Hakumwomba mtu amsindikize.

Alirudi saa kumi na moja, ile nyeusi kwapani. Watu wengine walikuwa wamekwisha kutawanyika; Émile alikuwa mezani kwake, glasi yake haijaguswa. Chola alikuja moja kwa moja akamwekea bahasha yenye ratiba ya kuchapa kule shuleni.

"Mitihani ya darasa la tano na la sita ni yako," akasema. "Jina yako nilikwisha kuitoa kwa mudirecteur. Siwezi kuirudisha."

"Yannick hakukusumbua?"

"Hapana."

"Na betri? Ulingojea saa nzima?"

"Nilingojea saa mbili, yaya."

Akaenda mezani kwake. Émile alikuwa bado ameishika ile bahasha alipotokea Doudou, shemeji yake Nono, fundi wa friji, ameshika kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki. Muuzaji alikuwa amemwachia mpaka Jumatatu aijaribu. Émile alimwona tangu mbali, na miguu yake, ambayo haikujua bado habari za siku hiyo, ikamsimamisha.

Doudou alimsalimu kwa heshima, akampita.

"Mama Chola," akasema, "Nono anasema unajua kupima. Utaniangalilia hii?"

"Leta," Chola akamjibu, akasogeza vitu vyake kumpa nafasi.

Émile, ambaye alikuwa amekwisha kusimama, akajifanya ananyoosha mgongo, kisha akakaa.