Dawa ya Jina Kubwa

Fahali wa Idi wa daktari wetu nilimnunua mimi. Fedha haikuwa yangu, lakini mdomo ulikuwa wangu, na mwenye fahali aliondoka sokoni akitembea kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Aliyenituma ni kijana wa kampuni ya dawa, nadhifu, viatu vinang'aa hata katika vumbi la Kasese. Alikodi pikapu yangu kila alipokuja kuzungukia kliniki, kuanzia mjini hadi kwetu Bwera, na siku nyingine mpaka Kilembe. Kwa madaktari aliingia bila kupanga foleni, na wagonjwa wakamsogezea benchi wakidhani naye anaumwa.

"Mzee, nitafutie fahali mzuri," aliniambia. "Ni wa dokta. Ameandika vizuri sana miezi hii."

Nilidhani daktari ametunga kitabu. Nikafurahi, maana ni rafiki yangu. Ijumaa nikiwa mjini Kasese, ilipo kliniki yake, tunasali safu moja, na huniita Haji, ingawa safari yangu ndefu kuliko zote iliishia Beni, Kongo, kwenye biashara ya maharage.

Bei niliishusha mara ya kwanza kwa sababu ya pembe, mara ya pili kwa sababu ya mguu ambao haukuwa na kasoro yoyote. Siku ya Idi mimi na mke wangu tukala kwa daktari, tukapewa na mfuko wa nyama wa kupeleka nyumbani. Nikamtania, "Dokta, thawabu za huyu ng'ombe zinaandikwa kwako au kwa kampuni?"

"Haji, wewe kula," alisema akicheka. Nikala.

Mke wangu ana presha. Miaka mingi alitumia kidonge cheupe cha pakiti ya kawaida, na kilimshika vizuri. Miezi michache kabla ya Idi ile daktari alikibadilisha. Alisema kuna dawa mpya, ina nguvu zaidi, ndiyo wanayotumia watu siku hizi. Ilikuja katika boksi lenye picha ya moyo, na bei yake niliisoma mara mbili nikidhani ni namba ya simu.

Sikubishana. Mimi hubishania nyanya, hubishania nauli, na mahari yenyewe niliibishania hadi wakwe wakaomba maji ya kunywa. Lakini kwa daktari nilitoa tu. Mtu anashika mkono wa mke wako na kusikiliza damu yake, utamwambia punguza?

Basi siku moja, kwa mazoea yangu, nikahesabu vidonge vilivyobaki katika lile boksi. Nikahesabu tena. Vilikuwa vingi kuliko inavyopasa. Dukani kwangu kwa vitenge, kitu kikizidi naogopa kuliko kikipungua, kwa sababu kuna mtu hajaeleza jambo.

"Mama, hivi vidonge vinazaa?" nilimwuliza mke wangu.

Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso. "Nakata na wembe. Nusu leo, nusu kesho."

"Nani amekwambia ukate?"

"Bei yake. Watoto wanarudi shule, na wewe umeanza kuuza vitenge bila faida ili fedha iingie haraka. Unadhani sioni?"

Ndipo nikaelewa yale maumivu ya kichwa aliyoamka nayo kila asubuhi, na ile ganzi ya mkono wa kushoto aliyosema ni ya kuulalia. Nikampeleka kwa muuguzi wa hapa hapa Bwera. Muuguzi akapima, akaitazama mashine, akapima tena. Sikupenda kumwona mtu mwingine akihesabu mara mbili.

Nikaenda kununua boksi zima, nikiapa kwamba wembe hautagusa tena dawa. Duka la dawa la karibu na mpaka wa Kongo ni la mama mmoja wa Butembo, aliyekimbia vita akaanza upya huku. Aliisoma karatasi ya daktari, kisha akauliza kama anayeulizia sukari:

"Papa, unataka ya jina kubwa ao ya jina kidogo?"

"Tofauti yake?"

"Iko dawa moja. Karto njo inabadilika."

Karto kwao ni boksi. Akaziweka mbili kwenye kaunta. Katika boksi la moyo, chini ya jina kubwa, kulikuwa na jina lingine kwa herufi za kuhitaji miwani. Hilo ndilo lililoandikwa wazi kwenye pakiti ya pili. Kipimo kile kile. Na ile pakiti niliijua. Ndiyo tuliyokuwa tukinunua miaka yote, kwa fedha ambayo sasa isingetosha hata vidonge viwili vya boksi la moyo.

Siku ya pili nikaenda Kasese kwa daktari. Kutoka Bwera hadi njia panda ya Kikorongo nilikuwa nampangia daktari maneno. Atasema ile rahisi ni hafifu, nami nitasema hivi. Atasema imejaa bandia, nami nitasema vile.

"Dokta," nilimwambia, "mwandikie mama ile ya zamani. Nimeona ni dawa ile ile."

Alichukua karatasi, akalikata jina kubwa kwa mstari, akaandika. "Sawa, Haji. Hakuna shida."

Nimeuza vitenge muda wa kutosha. Muuzaji akikubali bei yako ya kwanza bila hata kuguna, ujue bei yake ilikuwa uongo tangu mwanzo, na yeye alijua. Angebishana kidogo tu, ningerudi nyumbani nikiwa bado na rafiki.

"Kumbe haikuwa na shida?"

"Hawa vijana wa kampuni wanasumbua, Haji. Unajua inavyokuwa."

"Sijui. Niambie."

Akatazama mlango. "Kuna mgonjwa anangoja."

Ameandika vizuri, yule kijana alisema: si kitabu, ni dawa za kampuni yake. Kumbe kilichoandikwa ni mke wangu. Na ile nyama tuliilipia wenyewe, kidonge kwa kidonge, na bado nikashukuru kwa kupewa mfuko.

Mke wangu alirudi kwenye kidonge kizima, na ganzi ikamwacha. Lakini kupimwa lazima apimwe, na daktari wa presha tunayemfikia ni yule yule. Mwezi uliopita alimpima akasema, "Mama, imepanda kidogo. Naongeza dawa ya pili." Akaandika. Tukatoka.

Ndani ya pikapu mke wangu aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Ninywe, nisinywe?"

Mimi najua bei ya chumvi Katwe na ya maharage Beni. Hilo sikulijua, na mtu wa kumwuliza ni mmoja tu, ndiye aliyeandika.

"Ngoja tuulize dukani," nilisema.

"Dukani watakwambia bei. Mimi sikuulizi bei."

Jioni ile alikinywa kile kidonge kipya, kizima, kwa maji mengi, huku akinitazama kana kwamba ni mimi niliyemwandikia.