Wanasema Tumekombolewa

Kiarabu changu ni cha madrasa ya Mombasa, na nilipofika Dubai kilinitia kiburi. Katika duka la dobi pale Al Qusais, nilikopiga pasi kanzu kwa miaka minne, Wakenya wenzangu wa bara walinisukumia kila mteja Mwarabu. Nilielewa nusu; nusu nyingine niliijaza mwenyewe.

Meza ya pili alisimama Msyria mmoja, mtu mzima, mpole kwa kila kitu isipokuwa mikunjo. Baba yake alibaki kwao, katika mji mdogo uliotekwa mara na hawa, mara na wale: serikali, waasi, serikali tena, na sasa waasi. Kila upande ulikuwa na wageni wake, hawa wa kuwaletea ndege, wale wa kuwaletea bunduki. Nilimtania, "Sadiki, rafiki yangu, mji wenu mpira!" Alicheka. Mpaka leo naona haya kwamba alicheka.

Hofu yake ilikuwa moja. Mdogo wake alikuwa ametoroka jeshini, na serikali ikirudi wangeshikwa watu wa nyumbani. Mzee hakutaka kuhama. Wakaafikiana kwamba siku mji utakapogeuka atapiga simu, na mwanawe akimwambia ondoka, ataondoka na gari la jirani kabla barabara haijafungwa.

Simu yake iliita asubuhi moja, mwenzangu huyo amepeleka nguo mtaa wa Oud Metha, ameiacha kwenye chaji. Nikapokea. Mzee alisema haraka, sauti inakatika, na katika maneno yale nikadaka moja: taharrarna, tumekombolewa. Ndani yake nikausikia uhuru wetu, ule ule wa bendera na gwaride. "Mabruk, baba, mabruk!" Kisha laini ikakatika.

Mwenzangu aliporudi saa nane nilimlaki nikitabasamu.

"Baba kapiga. Mji uko huru. Khalas, pumzika."

"Kasema neno gani hasa?"

Nililitamka kwa madaha. Akauliza lilitanguliwa na nini. Hapo ndipo nilipokumbuka: qalu. Wanasema.

Wanasema tumekombolewa. Kila jeshi lililouteka mji ule lilidai limeukomboa, na safari hii waliorudi walikuwa serikali. Mzee alikuwa akiomba ruhusa ya kukimbia, nami nikampa hongera.

Alipiga mpaka simu ikawa moto mkononi. Siku ya tatu akampata jirani, ameshavuka mpaka. Siku ile gari lilimsubiri mzee hadi adhuhuri, akakataa kupanda. Alisema mwanawe bado hajamwambia. Walipoondoka, askari walikuwa mtaa wa pili. Hakuna aliyemwona tena.

Kule chumbani Wakenya wenzangu walinifariji kwa methali ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo. Nilitamani kuwatukana. Mimi sikuwa nyasi. Mimi nilikuwa mtu mwenye simu mkononi na mdomo mwepesi.

Mwenzangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikondesha. Tuliendelea kusimama meza mbili, mvuke katikati yetu. Wiki kadhaa zilipita kabla hajaniuliza, macho yake kwenye kola ya mtu.

"Sauti yake ilikuwaje?"

Ningeweza kudanganya.

"Alikuwa analia," nikamwambia. "Nilidhani ni furaha."