Fundi wa Majiko Aliyesema Dakika Kumi

Zülküf Andaç alikuwa fundi wa majiko ya makaa ya kupashia vyumba joto katika mji wetu wa wilaya, mwendo wa saa moja na nusu kusini ya Erzurum. Kwa miaka kumi na sita aliendesha gari moja tu, Şahin nyeupe, gari la zamani ambalo injini yake iko mbele na nguvu zote zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Miezi ya joto hakuna aliyelisema vibaya. Lakini kuanzia Novemba mpaka Aprili lilimwaibisha karibu kila siku. Mara limegeuka lenyewe mbele ya ofisi ya wilaya na kutazama lilikotoka, mara limelala mtaroni, na yeye yuko nje na koleo mkononi, masharubu yameganda, anaongea peke yake.

Haikuwa kwamba hajui kuendesha. Alijua sana. Aliondoka kwa gia ya pili, akiachia klachi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Breki aliigusa kwa kidole cha mguu tu. Na kila mwaka theluji ya kwanza ilipoanguka alitia magunia mawili ya makaa ndani ya buti, ili mgongo wa gari uwe mzito na tairi zishike barabara. Magunia yakiwemo, gari lilipanda. Yasipokuwemo, lilikuwa kama ng'ombe juu ya barafu.

Mkewe Gülizar alishachoka. "Baba Sevda," alimwambia kila likikwama, "sijui utalizika wewe gari hili au litakuzika lenyewe." Naye Cemşit, mwenye duka la vifaa pale sokoni, alikuwa na pikapu mpya inayovuta kwa magurudumu yote manne, na hakuacha kumtania kwenye mkahawa wa chai. Utani wao ulikuwa na mwiba. Zülküf alikata bati na kuunda majiko kwa mikono yake. Cemşit aliyaleta yametengenezwa tayari kiwandani, yanang'aa, na wateja walikuwa wanahamia kwake mmoja mmoja.

Jumanne moja ya Januari, baridi imefika nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri, simu ya Zülküf ililia saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa Elvan, mwalimu wa shule ya Kuzgunbeli, kijiji cha juu mlimani. Binti wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Aydın kule pwani kwenye mizeituni, ambaye mpaka mwaka ule theluji aliijua kwa picha. Alieleza kwamba jiko la darasa linarudisha moshi ndani na watoto wawili wanalalamika kuumwa kichwa. Zülküf hakupoteza muda. Alimwambia azime moto, afungue madirisha yote na awatoe watoto nje sasa hivi. Mwalimu alirudi kwenye simu baada ya dakika chache, akasema watoto wote thelathini na mmoja wako kwa mwenyekiti wa kijiji, katika chumba cha wageni, na wale wawili wanaendelea vizuri.

"Baki nao hapo," Zülküf akamwambia. "Nakuja. Baada ya saa moja na nusu nimefika."

Alitupa vifaa na mabomba mapya kwenye kiti cha nyuma, akaondoka.

Barabara ya bondeni ilikuwa imekwanguliwa na greda, akaenda vizuri. Lakini pale njia ya Kuzgunbeli inapoachana na barabara kuu, alihisi mkia wa gari unamponyoka kwenye kona ndogo isiyo na maana. Akakunja uso. Akasimama aangalie tairi, na ndipo pikapu ya Cemşit ikatokea nyuma yake, ikasimama ubavuni. Kioo kikashuka.

Cemşit alikuwa anapeleka mzigo kijiji kinachofuata. Akauliza fundi anakwenda wapi, na aliposikia ni Kuzgunbeli, akatazama mlima, akaitazama Şahin.

"Panda kwangu, kaka," akasema. "Nitakufikisha juu, halafu niende zangu."

"Gari ninalo."

"Hilo? Hilo likifika huko juu nanyoa masharubu. Panda, bwana, usijitese."

Laiti angeishia pale pa "panda kwangu". Zülküf mwenyewe alinisimulia baadaye, dukani kwangu, kwamba neno la kwanza lilikuwa la ndugu, na mguu wake ulikuwa umeshaanza kwenda. Neno la pili likamrudisha. Akamwambia Cemşit aende salama, akafunga mlango. Pikapu ikaondoka ikirusha vumbi la theluji.

Mlima wa Kuzgunbeli una kilomita tano, na ubaya wake uko katikati, kwenye kona mbili zinazofuatana ambako maji ya chemchemi huvuka njia na kuganda. Zülküf aliingia kona ya kwanza kwa mwendo aliouzoea. Gari likapanda hatua chache, tairi za nyuma zikaanza kuzunguka bure, sindano ya mwendo ikaonyesha kilomita arobaini kwa saa huku gari limesimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Akaliacha lishuke polepole mpaka penye changarawe, akajaribu tena. Lilifika palepale. Mara ya tatu halikufika hata pale.

Akashuka, akaenda nyuma ayasogeze magunia yakae juu kabisa ya ekseli. Akafungua buti. Mlikuwa na tairi ya akiba, jeki, na vumbi jeusi la makaa.

Alisimama akilitazama lile vumbi. Siku tatu Gülizar alikuwa amemwomba amletee makaa kutoka stoo, na siku tatu alijibu kesho. Basi mkewe alijihudumia mwenyewe kutoka kwenye buti. Zülküf alimpigia simu, na mkewe hata hakuinua sauti. Alimwuliza kama alitaka yeye na mama mkwe wake wagande ili gari lipate usingizi mzuri. Zülküf akakata simu.

Hapo simu ikalia tena. Mwalimu Elvan, anauliza amefika wapi.

"Niko njiani, mwalimu," akasema. "Dakika kumi."

Alikuwa fundi mwenye jina. Atamwambiaje binti wa pwani kwamba amekwama?

Akaitafuta minyororo ya tairi chini ya kiti. Mmoja ulikuwa mzima, wa pili ulikuwa umekatika pete mbili tangu Machi iliyopita, na aliapa wakati ule kwamba ataurekebisha. Mnyororo mmoja ni balaa, gari linavuta upande. Akaufunga hivyohivyo. Alikuwa na debe la majivu aliyoyazoa jana kwenye jiko la mteja, akayamwaga mbele ya tairi za nyuma na kuyasambaza kwa koleo. Yakamsaidia mita ishirini. Alishuka, akayazoa majivu yaleyale yaliyochanganyika na theluji, akayabeba mbele, akayamwaga tena. Mita kumi. Jasho lilimtoka chini ya koti, na jasho katika baridi ile ni hatari kuliko baridi yenyewe. Simu ikalia.

"Dakika kumi, mwalimu. Nimefika kabisa."

Mara ya tatu mwalimu alipopiga, Zülküf alikuwa amelala chali chini ya gari akihangaika na mnyororo, vidole havisikii kitu. Akasema vilevile, tena kwa ukali, kama mtu anayesumbuliwa.

Baada ya hapo akapandwa na hasira akafanya lile ambalo angemtukana mtu mwingine yeyote kwa kulifanya. Akakanyaga mafuta mpaka chini. Mnyororo mmoja ulishika, tairi ya pili ikateleza, mgongo wa gari ukazunguka wote, na Şahin ikasimama kukingama njia, pua kwenye ukuta wa theluji upande wa mlima, mkia umening'inia juu ya mtaro. Haikuenda mbele wala nyuma. Akaupiga usukani kwa ngumi mbili, tatu, mpaka honi ikaanza kulia yenyewe na kukataa kunyamaza, ikabidi ashuke akang'oe waya wa betri.

Akafunga mabomba kwa kamba, akayatia mgongoni, akaanza kutembea. Zilibaki kilomita tatu. Ilikuwa karibu saa sita mchana.

Hakumaliza hata kilomita moja. Farasi alitokea kwenye kona ya juu, akivuta gari la mbao la kuteleza linalotumika kubebea nyasi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sıddık, ameshika hatamu. Nyuma, juu ya nyasi, amefunikwa mablanketi mpaka kidevuni, amelala Mwalimu Elvan, uso mweupe kama karatasi.

Mzee Sıddık alisimamisha farasi, akamtazama fundi na mabomba yake.

"Dakika kumi zimeisha?" akauliza.

Kilichotokea kilikuwa hiki. Watoto walikuwa wamechoka kukaa chumba kimoja, na wengine walikuwa na nyumba mbali. Mwalimu hakuwaruhusu waende, kwa sababu kila aliposhika simu aliambiwa fundi anaingia. Kutoka uani aliona kofia ya bomba la moshi la shule imezibwa na barafu. Mzee Sıddık alimkataza kupanda paani, akaenda kulisha ng'ombe wake. Simu ya mwisho ilipojibiwa kwa ukali, mwalimu alichukua ngazi na fimbo ya chuma, akapanda juu ya paa mwenyewe ili fundi akifika akute kazi nusu. Aliigonga barafu mara mbili. Kisha paa likamtupa. Theluji ilimpokea, lakini mkono wa kulia ulitangulia, ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Zülküf aligeuka akatembea kando ya farasi kurudi alikotoka, mabomba yakigongana mgongoni.

Pale kwenye kona walikuta Cemşit amefika. Mwenyekiti alikuwa amempigia simu aje kumchukua mgonjwa, na pikapu yake ilikuwa imepanda bila shida mpaka ilipokutana na ubavu wa Şahin. Cemşit alikuwa ameegemea boneti yake, mikono kwapani. Walimbeba mwalimu kwa blanketi wakapita naye kwenye nafasi iliyobaki kati ya gari na mtaro, theluji kiunoni, watu watatu wakishikana ili wasianguke. Mara moja mguu wa Zülküf uliteleza, blanketi likayumba, na binti akatoa sauti ambayo fundi aliisikia kwa siku nyingi.

Zülküf alisubiri Cemşit aseme utani wake. Alitaka aseme, ili apate mtu wa kugombana naye. Cemşit alimfunga mgonjwa mkanda, akawasha kipasha joto, akasema tu, "Jiko lao bado halijapona, fundi." Akarudi kinyumenyume mpaka penye nafasi ya kugeuza, akashuka.

Basi Zülküf alipanda juu na Mzee Sıddık, akafanya kazi mpaka jua linazama. Barafu iliyoziba bomba ilikuwa kubwa kama mkate. Alibadilisha kipande chote cha nje, akakifunga ili moshi usipoe kabla ya kutoka, akawasha moto, akakaa darasani peke yake akilitazama jiko kwa saa nzima kuhakikisha. Wanaume wanane wa kijiji walishuka kulinyanyua gari lake. Walicheka, ndiyo, na mmoja alisema wangelilisha gari nyasi huenda lingetembea. Zülküf alivumilia. Walikaa wanne juu ya buti, miguu inaning'inia, akashuka mlima na uzito huo mpaka bondeni.

Jumamosi alipanda basi kwenda hospitali ya Erzurum, na mfuko wa mikate ya siagi iitwayo kete, aliyooka Gülizar. Mwalimu alikuwa na plasta mpaka kwenye kiwiko. Zülküf alianza kueleza habari za magunia, za mnyororo, za maji ya chemchemi. Binti alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Mjomba," akamwambia, "mimi sikukasirika kwamba ulikwama. Huku kila mtu anakwama. Ungeniambia tu, 'Nimekwama.' Ningewarudisha watoto kwao, nikalala."

Zülküf alisema ndiyo. Akasema tena ndiyo. Akamkatia mkate, kwa kuwa mkono mmoja hautoshi.

Wiki iliyofuata nilimwona Zülküf kwa macho yangu anavuka soko kwenda dukani kwa Cemşit. Alikaa ndani muda mrefu, na alipotoka uso ulikuwa mwekundu. Walikubaliana kwamba miezi ya theluji kazi za milimani atapelekwa na pikapu, na yeye atayatengeneza majiko ya dukani kwa Cemşit yakiharibika. Cemşit, Zülküf aliniambia, alifurahi kupita kiasi, akaagiza chai mara tatu, na kila chai ilikuja na utani wake.

Urafiki haukuja. Kwa msimu mzima walionekana pamoja kwenye pikapu ile, Zülküf amebanwa na mabomba mpaka magoti yamegusa kidevu, akilalamika kwamba Cemşit anaingia kona kwa kasi, anakanyaga breki kama anaua nyoka, na kwamba mtu asiyejua kuachia klachi hastahili kupewa magurudumu manne. Cemşit alimwambia ashuke atembee. Hakushuka.

Şahin haikuuzwa. Gülizar aliacha kuuliza nani atamzika mwenzake.