Ukunga Usiopokelewa

Huku kwetu bondeni, ng'ambo ya Chumbi, mpunga hauachwi peke yake. Ukishaanza kubeba masuke, wewe unahamia shamba, unakaa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichonyanyuliwa juu ya nguzo ndefu, mafuriko yakipita yapite chini yako, na kiboko naye apite. Kutoka dungu hadi dungu tunaitana. Nguruwe wakiingia kwa mtu, au pakitokea msiba, mmoja anapiga ukunga, yowe la kuomba msaada, wa pili anaupokea, wa tatu anaupeleka mbele. Mama yangu alinifundisha: ukisikia ukunga na tonge liko mdomoni, liteme, uite kwanza. Na mpeleka neno haulizwi. Anayeulizwa ni aliyelianzisha.

Sheria hiyo ndiyo iliyonivunja nyonga.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nilikuwa msichana wakati soko linafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao wenyewe, tukaambiwa sasa kila mtu auze anavyotaka. Tukauza mpunga. Waliotutangulia kwa akili wakaanza kuuza vya wenzao. Mbuga ya kijiji, ambayo hakuna aliyewahi kuiita yake, nayo ikawa kitu cha kuuzwa.

Halafu zikaja simu. Mwalimu mmoja, mgeni wa kutoka bara, mtu mwema wa watu, akatufungulia grupu la kijiji: mambo ya maziko, siku za kliniki, mikutano. Mimi kuandika kunanitoa jasho, kwa hiyo nilikuwa narusha sauti. Nikiona mtu ana njaa, nasema. Zahanati haina dawa, nasema. Watu wakacheka, wakapenda, wakaniambia, "Mama, wewe ndiye redio yetu." Nikavimba kichwa, sikatai.

Siku moja niko dunguni naamia ndege, nawafukuza wasile mpunga, nikaona watu wanachomeka vijiti vya mipaka mbugani. Mwenyekiti wa kitongoji chetu ndiye anaongoza njia. Nyuma yake mwenye ng'ombe, mtu wa mbali. Na aliyebeba vijiti ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Vijiti vikafika mpaka ndani ya shamba la mama yangu. Mkutano haukuitwa, hakuna aliyeulizwa. Nikashika simu, nikasema yote niliyoyaona, nikawataja mwenyekiti na shemeji kwa majina yao na ya baba zao.

Watu wangu wakafanya kosa moja ambalo sijui kama kuna watu wengine wangelifanya. Waliichukua sauti yangu kama ukunga. Kila aliyeisikia akaipeleka mbele hapohapo, bila kuongeza lake, bila kusema na mimi nimeona. Ikaenda Mahege, ikaenda Maparoni kwa wavuvi. Jioni jirani yangu wa dungu la pili, shoga yangu wa tangu unyago, akanipigia kelele anacheka:

"Shoga! Umesikika mpaka Kibiti!"

"Kibiti kwa nani?"

"Kwa kila mtu, bibi wee! Jiandae kugombea!"

Sikucheka. Miaka ile ya watu kuuawa na wapanda pikipiki, huku kwetu kutajwa tu kulitosha kumkosesha mtu usingizi. Nikaanza kusikiliza pikipiki. Ikipita njia ya juu, naifuata kwa sikio mpaka ipotee. Ikisimama, nalala kifudifudi sakafuni. Nikaacha kushuka kuchota maji mpaka nione mtu mwingine kisimani. Grupu nalo likanyamaza. Nilisalimia, hakuna aliyejibu.

Walikuja mchana, jua la utosi. Mwenyekiti alibaki njiani na pikipiki, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri chenji. Vijana wawili nisiowajua walishika mapanga. Aliyewaonyesha dungu ni shemeji.

"Shemeji, shuka tuzungumze."

"Zungumza hapohapo, nakusikia."

"Si unapenda kusikika wewe? Haya, ita."

Wakaanza kukata nguzo. Sakafu ikawa inatetemeka kila panga linapoingia, na mimi nimeshika paa, napiga ukunga kama nilivyofundishwa, kwa kifua chote. Shoga yangu alikuwa amesimama dunguni kwake. Alinitazama. Nilimwona vizuri, hata rangi ya kanga yake. Kisha akachutama, kichwa kikapotea nyuma ya makuti. Dungu la tatu kimya. La nne kimya. Sauti iliyofika Maparoni ikashindwa kuvuka jaruba moja la mpunga.

Nikaanguka nalo.

Nilipolazwa, shemeji alikuja na machungwa. Akakaa kitandani kwangu, akaniambia, "Mimi nilimfikishia tu mwenyekiti sauti yako, shemeji, kama kawaida yetu. Mpeleka neno haulizwi." Na kweli hakuulizwa. Mashahidi wote walikuwa wameinama siku ile. Mwenyekiti ni mwenyekiti mpaka leo, na ng'ombe wanakunywa palipokuwa na mpunga wa mama.

Nilichobakiwa nacho ni kipande cha juu cha shamba, na dungu jipya, fupi. Msimu uliopita shoga akanijia, simu mkononi. Vijiti vimefika kwake.

"Sema wewe, shoga. Wewe sauti yako inasikika."

"Una dungu," nikamwambia. "Panda uite mwenyewe."

Aliondoka analia. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Nikapakua ugali.

Tonge la kwanza liko mdomoni nikamsikia. Alikuwa anaita vibaya, sauti inakatika kwa woga, na njia ya juu pikipiki ilikuwa imesimama, haijazimwa. Nilikaa. Nikatazama dungu la tatu, nikatazama la nne. Kimya kilekile, nakifahamu.

Nililitema. Nikaupokea ukunga wake, nikaupeleka mbele, na muda wote nilipokuwa naita, macho yangu yalikuwa chini, kwenye nguzo.