Baba Ameagensti

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha ukutani kwetu, Likombe, Mtwara. Hivi karibuni nilimwita fundi aipake upya nyumba aliyotuachia baba, na kila alipomaliza kupitisha brashi, doa la barazani lilirudi kujitokeza. Ni doa la mviringo, rangi ya chai iliyochacha, usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyekaa chini kwenye jamvi. Mafuta ya nazi hayo, yalitoka kichwani kwa baba jioni baada ya jioni, yakaingia ukutani yakakataa kutoka. Fundi alitaka kulikwangua, nikamwambia aliache. Akanung'unika, "Dada, watu watasema sijui kazi." Nikamwambia waseme.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Alikuwa mtu wa Njombe, aliyehamishiwa Mtwara kabla mimi sijazaliwa, na hadi anakufa hakulizoea joto la huku. Akirudi kazini alivua shati, akabaki na singlendi, akatandika jamvi barazani na kuegemeza mgongo na kichwa ukutani, akasahihisha kazi za wanafunzi wake huku msimu wa korosho ukituletea vumbi la malori yanayoelekea bandarini. Dada yangu Eliza alikaa pembeni yake. Eliza alinizidi miaka mingi, kiasi kwamba nusu ya kulelewa kwangu ni kazi yake. Alikuwa na tabia ya kumwegemea baba begani, na baba alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto una kichwa kizito," bila kusogea hata kidogo. Mimi niliwaonea wivu wote wawili.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na wazazi wakitaka tusielewe walizungumza Kibena. Kiingereza kilikuwa cha kutolea hukumu. Ukimpelekea baba shauri, alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani, akasema, "I am against," akavaa miwani. Hapo hakuna rufaa. Mama, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu za asubuhi, aliligeuza neno lile kuwa letu. "Msinisumbue," alikuwa akisema, "baba yenu ameshaagensti." Basi likawa neno la nyumba nzima. Siku moja nilisukuma bakuli nikatangaza kwamba mimi naagensti mlenda. Mama alinipiga kofi la kisogoni, baba akacheka hadi akakohoa.

Jioni ile ile nilimwuliza maana yake. Akaniambia against ni kupinga, kutokukubali. Nikauliza kama ni hivyo tu. "Neno la Kiingereza lina vyumba vingi," alisema. "Wewe kwa sasa kaa sebuleni. Vingine utaviona ukikua." Nilikuwa darasa la tatu na sebule ilinitosha.

Eliza alipomaliza kidato cha nne alimpenda Saidi, fundi wa malori ya korosho, mtoto wa wakulima wa kijiji kimoja cha njia ya Msimbati. Alikuwa kijana mpole, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Sisi tulikuwa watu wa kanisa na kwao walikuwa watu wa msikiti, na nyinyi mnajua mambo hayo yanavyoweza kuwa mepesi kwa majirani na mazito ndani ya nyumba. Bi Somoe, jirani yetu Mmakonde ambaye mumewe alikuwa kuli bandarini, alimwambia mama mapema kabisa, "Mwana akililia wembe, mpe." Mama alijibu kwamba wembe huo hakuushika yeye.

Washenga walikuja Jumapili mchana, wazee wawili wenye kanzu safi. Baba aliwapokea vizuri, wakanywa chai, wakaulizana hali ya mvua na ya mihogo. Mkubwa wao akasafisha koo, akaeleza walichokuja nacho kwa maneno mazuri sana ambayo mpaka leo natamani yangekuwa ya harusi yangu. Baba akasikiliza hadi mwisho. Akavua miwani. "I am against," akasema.

"Alhamdulillahi!" akasema yule mzee, na mwenzake akaanza kuinua mikono ya dua.

Mama aliinamisha uso. Mimi niliyekuwa nimebeba sinia la vikombe nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Ikabidi baba aseme kwa Kiswahili, polepole, kwamba hapana, hakubali, na hatakubali. Mikono ya dua ikashuka. Waliaga kwa adabu ile ile waliyokuja nayo, na chai ya yule mdogo ikabaki nusu.

Eliza aliolewa hivyo hivyo, kijijini kwa kina Saidi. Alisilimu, akaitwa Aisha. Baba hakulitamka jina lile wala la zamani. Aliendelea kukaa barazani jioni, mgongo ukutani, lakini upande aliozoea kukaa Eliza aliweka rundo la madaftari. Niliwahi kuyasogeza nikae mimi. Akayarudisha mahali pake bila kunigombeza, na mimi nikaenda kukaa kizingitini.

Mwaka uliofuata kiharusi kilimkuta darasani. Alirudishwa kutoka hospitali akiwa hana mkono wa kulia wala mguu wa kulia, na maneno yote yamekwenda. Mtu aliyekuwa akituzuia kusema "vile vile" pale palipotakiwa "hivyo hivyo" akawa anahangaika na mdomo uliopinda, jasho linamtoka, hatoi kitu. Mama alikisogeza kitanda katikati ya chumba ili aweze kumgeuza na kumwosha kwa pande zote mbili. Ilikuwa busara ya muuguzi, na kila mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa alimsifu kwa hilo.

Kisha asubuhi moja neno moja likarudi. Mama alikuwa anamnywesha uji. Baba akaukataa kijiko, akatazama ukutani, akasema wazi kabisa, "Against."

Tulipiga kelele za furaha. Mama alilia. Tulidhani maneno mengine yako njiani yanafuata, kama watu wanaosikia mlio wa basi la kwanza. Hayakuja. Lilibaki hilo hilo. Alilisema akinyweshwa, alilisema akigeuzwa, alilisema akitazama ukutani. Mama akawa anaondoa uji, anaondoa maji, anafunga dirisha, anafungua dirisha, akijaribu kubahatisha ni nini anachokipinga. "Ameagensti kila kitu," alimwambia Bi Somoe, amechoka. "Ameagensti hata kuishi."

Bi Somoe, ambaye kama Wamakonde wengi wa umri wake aliiweka L kila palipotakiwa R, alisikiliza akakunja uso. "Mbona mie nasikia ejenti? Labda ana mzigo umekwama bandalini, anataka atafutiwe ejenti wa kuutoa. Ngoja mume wangu akiludi nimwambie." Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu baba augue, na mimi nikacheka kwa sababu mama amecheka. Nimelifikiria sana jambo hili. Kati yetu sote, ni Bi Somoe peke yake aliyelisikia neno lile kama ombi.

Eliza alikuja siku moja alasiri. Alikuwa na mimba kubwa, amejitanda mtandio, amebeba kikapu cha mihogo na korosho zilizobanguliwa. Alimsalimia mama mlangoni kwa magoti. Mama akamwambia aingie haraka, wakati ndio huu, radhi ni bora kuliko mali. Mimi nilikuwa miguuni pa kitanda nikimpepea baba, kwa hiyo niliona yote, na mtakaponilaumu kwamba nimelikuza jambo, kumbukeni kwamba nilikuwepo.

Alipiga magoti upande wa mkono mzima wa baba. "Baba, shikamoo. Ni mimi. Nimekuja kuomba radhi zako."

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Jicho lake la kulia lilijaa maji, lakini jicho lile lilikuwa linatoka maji siku nzima tangu kiharusi, kwa hiyo hatukulihesabu. Midomo ikahangaika. Akasema, "Against."

Eliza akainama zaidi. "Baba, sikuja kubishana. Nipe radhi zako tu, nijifungue salama."

Baba akainua mkono wake wa kushoto, akauweka begani kwa Eliza, akaukandamiza. Niliona vidole vikizama kwenye mtandio. "Against," akasema. "Against. Against." Alikuwa anakandamiza, mwili mzima unatetemeka, kichwa kimenyanyuka kutoka kwenye mto.

"Basi, mwanangu," mama alisema nyuma yetu. "Usimchoshe."

Eliza akasimama. Mkono wa baba ukaanguka kitandani. Mama alikuwa ameshaweka wali jikoni, lakini dada yangu hakungoja uive. Alipita barazani akiwa ameshika mdomo, na kikapu chake kikabaki kwetu.

Baba alifariki kabla msimu wa korosho haujaisha. Msibani Eliza alikaa ukingoni kabisa mwa mkeka wa wanawake, mgongo umenyooka, haegemei kitu. Mtoto wake alizaliwa akafa. Wa pili alizaliwa akaishi, Zuhura, lakini kila alipopata homa dada yangu alisema ndiyo yale, ya kukosa radhi. Saidi alipoumia kiwiko kwenye injini, ndiyo yale. Mikorosho yao ilipoingiwa na ugonjwa, ikakauka matawi, ndiyo yale pia, ingawa mikorosho ya kijiji kizima iliugua na wengine walikuwa na radhi za baba zao. Hakuwa analalamika. Alilisema kama mtu anayetaja jina la kijiji anachotoka.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu mmoja kijana, mwanamke, aliandika sentensi ubaoni na kututaka tuitafsiri: ngazi na ukuta, na kati yao neno la baba. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Neno lile lilikuwa mali ya kwetu, nani angenishinda? Nikasema ngazi inaupinga ukuta. Darasa likaanguka kwa kicheko, na mwalimu naye akatabasamu. Alichukua ufagio uliokuwa kona, akauegemeza ukutani, akauachia. Ufagio ukasimama.

"Against," akasema. "Umeegemea. Ukiondoa ukuta, utaanguka."

Niliomba ruhusa ya kutoka. Nilikwenda nyuma ya vyoo, nikasimama juani. Nilikuwa naona kitanda kilichosogezwa katikati ya chumba, ukuta umebaki mbali, na baba akiutazama. Nikaona mtu aliyeegemea ukuta kila jioni ya maisha yake akilazwa chali mwezi mzima, hawezi kujigeuza, na neno moja tu mdomoni, lile lile tulilolizoea sisi kwa maana ile moja.

Sijui alitaka nini, na sitawadanganya. Sebuleni au chumba cha ndani, neno ni moja. Inawezekana alikuwa anapinga kila kitu, uji, dirisha, Saidi na kifo chenyewe. Baba alikuwa mtu wa kuweza hilo. Mama sikumwambia kitu mpaka naye akamfuata baba, kwa sababu kitanda alikisogeza yeye, na alikisogeza kwa upendo. Lakini Eliza ilinibidi nimwambie. Likizo ilipoanza tu nilipanda bodaboda hadi kijijini kwao.

Nilimkuta uani anamenya mihogo, Zuhura anacheza na maganda. Nilimweleza kila kitu, ngazi, ufagio, kitanda. Alisikiliza bila kusimamisha kisu. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo ni kuegemea?"

"Ni kuegemea, dada. Na kupinga. Yote mawili."

"Neno moja?"

"Neno moja."

Akamenya muhogo ule mpaka mwisho, akautumbukiza kwenye beseni la maji. Kisha akaweka kisu chini, akajishika bega, pale pale. Nilidhani angelia, nikajiandaa. Nilikuwa nimemletea habari njema, au ndivyo nilivyojiambia njiani kote, na nilikuwa nangoja uso wake ufunguke.

"Siku zote nilisema alinisukuma," alisema. "Nimemwambia Saidi, nimemwambia mama mkwe, baba alinisukuma kwa mkono wake. Lakini mtu akikusukuma, mkono wake unaondoka."

Zuhura alikuja kumwegemea mgongoni, kama watoto wanavyofanya mama akiwa amekaa chini, na dada yangu hakusogea.

"Wa baba haukuondoka," akasema. "Niliondoka mimi."